Kwa Ghati, Kuhusu Jina Nililokukataza Kuitika

Nyasura,
S.L.P. 118,
Bunda, Mara.
Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa mwanangu na mama yangu, Ghati,

Nakusalimu kwa upendo kutoka hapa kwetu Nyasura. Habari za Ujerumani, na habari za mwili wako? Mara ya mwisho ulisema kifua kinakubana asubuhi kwa ajili ya baridi, nami nikashangaa kwamba huko kuna baridi hata mwezi wa tano. Natumaini kimeachia. Sisi tupo. Goti la kushoto linanisumbua, presha inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe, lakini ninakula na ninatembea. Mama yako mdogo Matrida ni mzima na anaendelea kunitawala.

Mvua za mwaka huu zilikatika mapema. Mahindi ya Butiama yalinyauka yakiwa yanatoa mbelewele, ila mihogo imesimama vizuri, na mama yako Naomi ameipalilia kwa mkono wake ingawa tulimwambia apumzike. Wakati wa Pasaka tulikwenda wote kusafisha kaburi la baba yako. Msalaba tuliupaka rangi upya. Mama yako alikaa pale muda mrefu, na tulipomwita twende alisema tutangulie.

Utajiuliza kwa nini karatasi na si wasapu. Ni kwamba kwenye simu ungenisikia. Wewe unavalisha watu kofia yenye nyaya ujue ubongo wao umesikia nini, ungeshindwaje kumsikia baba yako mdogo anavyokwepa? Tangu Februari nimekutumia sauti tatu, na katika zote nilisema, "Nalifuatilia, mama, usiwe na wasiwasi." Sikuwa nafuatilia kitu. Nimelisema hili mapema nisije nikajaza karatasi kwa habari za mihogo halafu nikaishiwa nafasi.

Juu ya bahasha nimeandika Jeska Enoka, kwa sababu ndilo jina lililoko kwenye sanduku lako la barua huko, na mtu wa posta hana habari na mambo yetu. Ndani nimeandika Ghati. Nitaeleza kila kitu tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, maana karatasi hii utaitafsiri na kumpa profesa wako ukitaka. Una ruhusa yangu. Usinilainishe kwenye tafsiri.

Ujumbe wako wa tarehe tano niliusoma nikiwa nasubiri zamu yangu kwa kinyozi. Mistari miwili tu: nafasi amepewa mtu mwingine, na asante Baba mdogo kwa kujaribu. Nikaondoka bila kunyolewa. Mpaka leo mama yako mdogo ananiuliza kama nimeweka nadhiri. Lawama ningeibeba, mwanangu, mimi nimelaumiwa na wazazi wa wanafunzi kwa miaka thelathini na nane. Ile asante ndiyo iliyonishinda.

Nataka niandike nilichokupotezea, ili baadaye sisi wawili tusije tukakiita kitu kidogo. Ulikuwa umechaguliwa kufanya shahada ya uzamivu, miaka minne yenye udhamini, katika maabara hiyohiyo unayofanyia kazi, kuhusu ubongo unavyosikia. Waliomba watu zaidi ya mia wakamchukua mmoja. Utafiti wako niliuelewa vizuri uliponieleza, na nilijivuna nao kwenye jumuiya mpaka wakanichoka. Kwamba mtu akiwa katikati ya makelele, hata akiwa usingizini, jina lake likitajwa ubongo wake unashtuka kidogo, na mashine inauona ule mshtuko. Wewe ulitaka kujua inakuwaje kwa mtu aliyepewa jina la pili akiwa tayari na la kwanza. Ubongo unashtukia lipi, na hilo la pili linachukua muda gani kuingia.

Ukamweleza profesa ukweli, kwamba jina lililo kwenye vyeti vyako ni la mtu mwingine, na kwamba hutaki kuitwa daktari kwa jina la kuazima. Hakukufukuza. Alikupa mpaka mwisho wa Mei upeleke viapo viwili, cha kwangu mimi niliyelifanya jambo na cha Jeska mwenye jina lake, ili wanasheria wa chuo waanze kazi ya kukurekebisha. Februari ukaniandikia kurasa nne. Ulisema unajua vyeti vyako vyote vinaweza kuulizwa, na uko tayari. Mimi niliyekulea ndiye ambaye sikuwa tayari.

Sasa mwanzo wenyewe. Septemba mwaka 2009 ulifanya mtihani wa darasa la saba pale Butiama siku ya tatu baada ya kumzika kaka yangu Thadeo, baba yako. Hukufaulu, na hakuna mtu mwenye akili aliyetegemea ufaulu. Sheria haikumruhusu aliyekwisha kufanya mtihani ule kuurudia. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu kule kando ya ziwa, upande wa Kibara, na kwenye daftari langu kulikuwa na jina lisilo na mtoto. Jeska, binti wa mvuvi Enoka, alikuwa ameacha kuja shuleni akiwa darasa la sita. Nikamwendea Enoka nikamwomba jina la binti yake. Alikubali palepale akiwa anashona wavu, hata kichwa hakuinua. Walimu wengi tulifanya hivyo miaka ile, na tulisema ni kumsaidia mtoto.

Ulifika kwangu Januari na sanduku la bati. Shule ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki moja, na wiki hiyo niliitumia kukufundisha. Asubuhi ukiwa unafagia uani, nilipita nyuma yako nikaita "Ghati". Ukigeuka, unapiga magoti. Nikiita "Jeska" nawe ukachelewa, unapiga magoti. Siku ya nne niliita Ghati mara mbili ukaendelea kufagia. Nikakununulia soda ya machungwa. Uliinywa taratibu bila kuniangalia, nami nikasema moyoni kwamba umeiva.

Ghati ni jina la mama yangu mzazi, aliyetoka upande wa Tarime kuja kuolewa kwetu. Kaka alikupa wewe jina hilo ili mama aendelee kuwepo nyumbani, na tangu ukiwa mgongoni mimi nakuita mama, nakuamkia kwa heshima mbele ya watu nao wanacheka. Kwa hiyo wiki ile pale uani nilikuwa nampigisha magoti mama yangu. Hilo nimeliona mwezi huu, nikiwa na miaka sitini na saba, mstaafu, mtu wa kuombwa ushauri na wenzake.

Shule ilipofunguliwa ulianza vibaya. Kutoitika Ghati ulikuwa umeshaweza, lakini kuitika Jeska kulikuwa bado. Wiki ya tatu Mwalimu Mary, aliyekuwa mgeni pale na hakujua lolote, akaja ofisini kwangu ana wasiwasi. "Mkuu, yule mtoto Jeska hasikiagi vizuri," akasema. "Namwitaga mara tatu, mara nne, anaangalia tu dirishani. Apimwe masikio." Nilipaswa kumwambia. Badala yake nilimsifu kwa uangalifu wake, na kwa kuwa Mary si mtu wa kuacha jambo njiani, ikabidi nikupeleke kweli Musoma hospitali.

Unakikumbuka kile chumba kuliko mimi, kwa hiyo nitasema yangu tu. Mtaalamu wa masikio alikuwa kijana anayeitwa Fredi. Alikuvika hedifoni kubwa kukuzidi kichwa, akawa anabonyeza vitufe, nawe unainua mkono kila unaposikia mlio. Ulipomaliza akaniambia, "Mzee, huyu mtoto anasikiaga kuliko mimi na wewe." Akaenda nyuma yako akaziba mdomo kwa karatasi, akanong'ona tarakimu. Ulizirudia zote bila kukosea. Kisha kwa sauti ya kawaida tu, sauti ya mtu anayeomba chumvi, akasema, "Jeska." Wewe ukaendelea kutazama ile picha ya sikio iliyobandikwa ukutani.

Fredi akaniangalia. "Nyumbani mnamwitaga nani?"

"Hilohilo," nikasema.

Kwa neno hilo uligeuka. Uliniangalia usoni, mtoto wa miaka kumi na tatu, halafu ukarudi kutazama ukuta. Fredi akaandika kwenye kadi kwamba masikio ni mazima, mtoto aangaliwe zaidi. Tulipokuwa tunarudi uliniuliza inawezekanaje mtu asikie na asisikie. Nikakununulia mkate, nikakuambia ule.

Ulipoomba ile nafasi, mwanzo kabisa wa maelezo yako uliandika kwamba swali la utafiti wako lilizaliwa katika chumba kile, mbele ya picha ile. Uliponitumia tafsiri yake niliipeleka stesheneri wakaichapa, nikaisoma pale benchi la nje, ikabidi nivue miwani. Wenzako watadhani lilikuwa swali la mtoto mwenye akili nyingi. Lilikuwa swali la mtoto anayejua jibu na amekatazwa kulisema, na aliyemkataza amekaa pembeni yake amekunja mikono.

Hapa naingia mahali ambapo nimepazunguka kwa miaka kumi na tano. Nimekuambia siku zote kwamba nilifanya vile kwa ajili yako na kwa ajili ya marehemu kaka. Ni kweli, lakini ni nusu. Mwezi ule mkaguzi alikuwa anakuja, na shule yangu ilikuwa imeandikwa vibaya kwa utoro wa wasichana. Jeska angekuwa mtoro wa tano. Ulipokaa kwenye dawati lake hesabu ikatimia. Mwaka ule wasichana wangu wote wa darasa la saba walifaulu, nami nikapewa kile cheti chenye fremu ulichokuwa unakifuta vumbi kila likizo pale sebuleni. Nilikuacha ukifute.

Na kazi ya mwalimu mkuu, mwanangu, ilikuwa kumfuata Jeska popote alipo na kumrudisha darasani. Kama dawati lake lingebaki wazi, Mary angeuliza, na nisipomjibu angekwenda mwenyewe kwa miguu hadi kwa Enoka. Lakini kila asubuhi jina la Jeska liliitwa na kuna mtu aliyeitika. Hakuna aliyemtafuta.

Mwaka 2022 nikaongeza. Ulipopata nafasi ya uzamili ukahitaji pasipoti, nilikwenda mwenyewe kuandikisha kuzaliwa kwa Jeska Enoka na nikasaini kama mlezi wake. Ulinisihi siku hiyo tuache, tuanze kurekebisha jina lako kabla hujatoka nchini. Nikasema muda hautoshi. Muda ulikuwepo, miezi mitatu mizima.

Siku ya kuondoka kwako, pale stendi ya Bunda, ulisahau sweta kwenye benchi. Sijui ni nini kilinijia, nikaita, "Ghati." Ulikuwa hatua tatu mbele yangu, hukugeuka. Nikaita tena. Nikaita, "Jeska," na hapo ukageuka upesi, ukaja kuchukua sweta, ukanikumbatia. Nilijiambia ni kelele za basi. Mimi sihitaji mashine ya profesa wako kujua kilichotokea, nilikifundisha mwenyewe kwa soda.

Sasa usidhani kwamba tangu Februari nilikaa tu. Ningekaa tu ingekuwa afadhali. Mwezi wa tatu nilivaa ile suti niliyoagwa nayo kazini, nikaenda Musoma, nikafika mtaa wa Mukendo kwa wakili. Ni binti mpole, anaweza kuwa rika lako. Alinikaribisha chai, akachukua kalamu, akauliza, "Na aliyemwandikisha kwa jina hilo alikuwa nani, Mzee wangu?" Nikasema ni mwalimu mmoja, alishafariki. Akaniambia basi nilete cheti chake cha kifo. Nikamshukuru, nikamaliza chai, nikarudi Bunda.

Aprili ulikuja uchaguzi wa halmashauri ya parokia wakanichagua mwenyekiti. Nikasema moyoni kwamba sasa ndiyo haiwezekani kabisa, watu watasemaje. Mei nikajiambia kwamba tarehe zetu huku huwa zinasogezwa, na za huko bila shaka zitasogea. Kila Jumapili niliomba wakuombee. Padre alikuwa anataja "binti yetu Ghati anayetafuta udaktari", waumini wanaitika, na mimi ninaitika kwa sauti kuliko wote.

Siku ya nne baada ya ule ujumbe wako nilichukua pikipiki kwenda Kibara. Jeska nilimkuta karibu na mwalo, pale wavuvi wanapotia mitumbwi, mahali anapokaangia samaki, akiparua sato. Enoka alishafariki. Yeye ni mwanamke mzima sasa, ana watoto watatu, na alinitambua kabla sijashuka.

"Shikamoo, Mwalimu. Umechelewa."

Nilidhani anasema habari ya jua. Kumbe alikuwa na lake. Miaka miwili iliyopita alitaka kuanza sekondari ya jioni, ile ya watu wazima, akaenda Bunda kutafuta cheti cha kuzaliwa. Akaambiwa Jeska Enoka, binti wa fulani, wa kijiji fulani, ana cheti tayari, na mlezi aliyesaini ni mimi. Alipouliza shuleni akaambiwa tena kwamba alifaulu darasa la saba na kuchaguliwa. "Nikasema, mimi? Mimi mwaka huo nilikuwaga visiwani nalea wadogo zangu," akaniambia, na mkono hauachi kuparua. "Hapa watu walinichekaga, eti Jeska alifaulu akaogopa shule. Nilitaka kukushtaki. Halafu nikasema, acha, Mwalimu atakuja mwenyewe. Kila mnada nilikuwa naangaliaga pikipiki zinazotoka Bunda."

Miaka miwili, mwanangu. Mimi katika miaka hiyo nilikuwa nafundisha watu semina za ndoa.

Nikamweleza yote, na habari zako. Akauliza umesoma nini. Nikasema digrii ya kwanza ya biolojia, ya pili ya mambo ya ubongo, na ya tatu ndiyo hii iliyopotea kwa sababu yangu.

"Kwa hiyo mimi nina digrii mbili," akasema, "na hapa naparua samaki." Akacheka sana, mpaka jirani yake akageuka. Mimi sikuweza. Nilimwomba msamaha nikiwa nimeshika kofia mkononi. Akasema msamaha ataufikiria, ila kiapo yuko tayari hata kesho. Akanifungia sato wawili nimpelekee mama yako mdogo. Hao sato, Ghati, ndio walionitoa machozi, pale barabarani, mwenye pikipiki akijifanya haoni.

Alhamisi tulikwenda wote wawili Mukendo kwa yule wakili. Nilimwambia kwamba mwalimu yule hajafariki, ni mimi. Aliandika bila kuniangalia, kwa adabu. Jeska alitia saini yake taratibu, herufi moja moja, na alipomaliza akaitazama. Viapo vyote viwili vimo humu, nakala halisi, vyenye mihuri. Vimechelewa wiki tatu. Ulisema profesa wako anaweza kupata nafasi nyingine mwakani kama fedha za utafiti zitapatikana, na kwamba itabidi uombe upya kama wengine wote. Sitakuambia usiwe na wasiwasi. Neno hilo nimelitumia vibaya mno mwaka huu.

Barua ya kujieleza nimeipeleka ofisi ya elimu. Waliipokea, wakagonga muhuri, wakasema wataniita. Wanaweza kuniita na wanaweza kuniachia mambo yalivyo, lakini jina langu limo mle na sitaliondoa. Uenyekiti wa halmashauri nimeuacha, Padre anajua sababu. Kile cheti chenye fremu nimekitungua ukutani. Mahali pake rangi imebaki tofauti, na mama yako mdogo anataka kutundika kalenda. Nimemwomba asubiri.

Mwalimu Mary naye nilimtafuta, yuko hapahapa mjini. Nilipomweleza yote akasema, "Kumbe kiziwi nilikuwaga mimi." Nikamwambia hapana, kiziwi hakuwa yeye. Tangu wiki iliyopita Jumamosi anakwenda Kibara kumsomesha Jeska Kiswahili na hesabu, wakati tunasubiri cheti chake cha kuzaliwa kipatikane. Jeska analalamika kwamba Mary anampa kazi nyingi za nyumbani.

Jeska ana ombi moja kwako, na nimemwahidi kuliandika kama alivyolisema. Anataka umpigie simu. Anataka umwite Jeska, na yeye aitike. Anasema amesikia jina lake likiitwa na wateja na watoto na polisi wa mwalo, lakini hajawahi kusikia likitamkwa na mtu aliyekwenda nalo shule. Halafu umweleze huyo Jeska wa shuleni alikaa dawati gani, alikuwa rafiki wa nani, na huko Ulaya walimwitaje. Namba yake iko nyuma ya kiapo chake, kwa mwandiko wake.

Mama yako Naomi anakusalimu sana. Yeye, unajua, hakuwahi hata siku moja kukuita lile jina lingine. Miaka yote nilimwona mkaidi. Mama yako mdogo Matrida anakusalimu na anauliza kama huko mnapata dagaa, kwa maana ameshaanza kuwakausha wa kukutumia. Mwalimu Mary anakusalimu. Jeska anakusalimu, amesema niandike "wa jina langu". Mungu wa baba yako na wa bibi yako akulinde katika baridi hiyo, akupe kifua chepesi na usingizi mzuri, na akufungulie mlango ambao mimi sikuushikilia.

Barua hii ikikufikia, nipigie. Nitapokea na nitaanza kwa kukuita Ghati. Usipoitika mara ya kwanza sitasema ni mtandao, wala sitakuita lile lingine. Nitasubiri kidogo, kisha nitaita tena.

Anayekupenda na aliyekukosea,
Baba yako mdogo,
Clementi